Jinsi ya Kukagua Vipimo vya Homoni za Mate Vinavyodai Kutabiri Jinsia ya Mtoto Aliye Tumboni

Kipimo kinachouzwa kwa ahadi ya kutambua jinsia ya mtoto kwa mate ya mama huja na sura ya kuaminika. Kuna kichupa, kuna maelekezo ya kutema mate asubuhi kabla ya kula, kuna bahasha ya kurudishia sampuli maabara au kijiti kinachobadilika rangi, na kuna asilimia iliyoandikwa kwa tarakimu kubwa juu ya kasha. Mwanamke mwenye mimba ya wiki 8 au 9, ambaye ultrasaundi bado haiwezi kumpa jibu, huona kwamba hana cha kupoteza. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake, na kwa ajili ya mume, mama mkwe au mkunga anayeulizwa maoni, ili kabla ya kutoa fedha, na hasa kabla ya kuegemeza uamuzi wowote juu ya jibu hilo, aweze kukikagua kipimo chenyewe hatua kwa hatua. Msimamo wangu nautaja mapema: sioni msingi wa kukiamini kipimo cha homoni za mate kwa kazi hii. Hata hivyo sitaki msomaji anifuate kwa kuwa nimesema tu. Nataka aone mwenyewe ni mahali gani hoja ya wauzaji inakatika, kwa maana kesho kitakuja kipimo kingine chenye jina jingine, na atahitaji kukikagua bila mimi.

Uliza kwanza kinachopimwa

Swali la kwanza ni la maneno machache: kipimo hiki kinapima kitu gani hasa? Mtengenezaji anayesema “homoni” bila kuitaja, au anayejificha nyuma ya siri ya biashara, amekunyima kitu cha kwanza unachohitaji ili umkague, na hapo unaweza kuishia bila kosa. Akiitaja, mara nyingi itakuwa testosteroni, ile iitwayo homoni ya kiume, na pengine projesteroni au estradioli, ambazo ni homoni za kike, pamoja nayo. Angalia pia kwamba huchanganyi mambo mawili yaliyo mbali kabisa. Vipo vipimo vinavyotafuta vipande vya DNA (chembe zinazobeba vinasaba) ya mtoto katika damu ya mama, na hivyo vina msingi nitakaoueleza baadaye. Muuzaji wa kipimo cha homoni anapotumia maneno kama “vinasaba” au “kromosomu” katika tangazo lake, anaazima heshima ya kazi ambayo kipimo chake hakiifanyi.

Fuata hoja kuanzia kwa mtoto hadi kwenye mate

Hoja inayotolewa ni kwamba mtoto wa kiume hutengeneza testosteroni, testosteroni hiyo huingia katika damu ya mama, kutoka damuni huingia kwenye mate, na kwa hiyo mate ya mama aliyebeba mvulana huwa na testosteroni nyingi zaidi. Inasikika vizuri. Lakini hoja ya namna hii ni mnyororo, na kila pete inapaswa kuvutwa peke yake ili ionekane kama inashika.

Pete ya kwanza inashika. Jinsia huamuliwa na mbegu ya kiume iliyobeba kromosomu X au Y, na ndani ya Y imo jeni iitwayo SRY, iliyotambuliwa mwaka 1990, ambayo ndiyo inayouanzisha mwili wa kijusi kutengeneza korodani. Korodani hizo huanza kutoa testosteroni takriban wiki ya 8 baada ya utungaji wa mimba. Hapa pana jambo ambalo wanunuzi wengi hawalitazami: wiki za kliniki huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa hiyo wiki ya 8 baada ya utungaji ni kama wiki ya 10 kwenye kadi ya kliniki. Kipimo cha testosteroni kinachodai kufanya kazi katika wiki ya 6 ya kadi kinadai kugundua homoni ya mtoto ambayo mtoto bado hajaanza kuitoa. Kwa swali hili moja la tarehe unaweza kukiondoa kipimo mezani bila kusoma ukurasa wa pili wa maelezo yake.

Pete ya pili ndiyo dhaifu zaidi. Kati ya mtoto na mama lipo kondo la nyuma, na kondo hilo si bomba lililo wazi. Lina kimeng'enya kiitwacho aromatasi, ambacho huzigeuza homoni za aina ya testosteroni kuwa estrojeni, yaani homoni za kike, kabla hazijavuka kwa wingi. Uwezo wake huonekana wazi pale unapokosekana: katika hali adimu ambapo kondo la nyuma halina aromatasi inayofanya kazi, mama huweza kuota nywele za kiume na sauti yake kuwa nzito wakati wa ujauzito, na hayo humpata hata akiwa amebeba msichana, kwa sababu malighafi ya homoni hizo hutoka pia kwenye tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, za kijusi cha jinsia yoyote. Karibu wanawake wote wengine waliobeba wavulana wenye korodani zinazofanya kazi hawapatwi na hayo, kwa sababu kondo la nyuma linawakinga.

Pete ya tatu ni mwili wa mama mwenyewe. Mwanamke ana testosteroni yake, inayotoka kwenye ovari na tezi za adrenali, na kiasi chake hutofautiana sana kati ya mtu na mtu. Mwenye ugonjwa wa ovari zenye vifuko vingi huweza kuwa na kiwango cha juu hata awe amebeba mtoto gani. Zaidi ya hayo, ujauzito wenyewe hupandisha testosteroni yote iliyomo damuni, kwa kuwa estrojeni hulichochea ini kutengeneza kwa wingi protini inayoishika homoni hiyo na kuizuia isiondoke. Watafiti wamepima testosteroni katika damu ya wajawazito na kulinganisha mama wa wavulana na mama wa wasichana, na majibu yao yamegongana: wengine waliona tofauti ndogo, wengine hawakuona tofauti yoyote. Ikiwa damu yenyewe haitoi jibu la wazi, ni vigumu kuelewa mate yatalipata wapi.

Pete ya mwisho ni mate. Ni kweli kwamba homoni za aina hii ambazo hazijashikwa na protini huweza kupenya kutoka damuni hadi kwenye mate, na maabara makini huvipima viwango hivyo kwa malengo mengine, kwa mfano katika utafiti wa kotisoli, homoni ya msongo. Lakini kiasi cha testosteroni katika mate ya mwanamke ni kidogo mno, kinahesabiwa kwa pikogramu (sehemu ya trilioni ya gramu) katika mililita moja, na penye kiasi kidogo hivyo kasoro ndogo hugeuka kuwa kubwa. Damu kidogo kutoka kwenye fizi hutosha kuongeza kipimo, kwa kuwa damu ina testosteroni nyingi kuliko mate, na fizi zinazovimba na kutoka damu ni jambo la kawaida sana katika ujauzito. Pamba inayotumika kukusanyia mate imeonekana kuyapotosha matokeo ya testosteroni. Testosteroni hubadilika pia kwa saa za siku, ikiwa juu asubuhi na kushuka kadiri siku inavyosonga, na sampuli iliyokaa siku kadhaa katika joto la kawaida huendelea kubadilishwa na bakteria. Kichupa kilichosafiri kwa posta bila barafu kinaweza kufika na namba ambayo si ile iliyotoka mdomoni.

Tofautisha wastani na mtu mmoja

Tuseme, kwa kumpa muuzaji kila nafasi, kwamba tofauti ndogo ipo. Bado haijawa utabiri, na hapa naomba msomaji atulie kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wenye elimu nzuri wanapopotoka.

Chukua urefu wa watu wazima. Katika jamii nyingi wanaume huwazidi wanawake kwa takriban sentimita 13 kwa wastani, tofauti ambayo kila mtu anaiona kwa macho. Sasa mtu aambiwe urefu tu, bila kumwona mwenyewe, aseme ni wa mwanamume au wa mwanamke. Akichagua mpaka mzuri kuliko yote katikati ya wastani hizo mbili, atapatia takriban mara 80 hivi katika 100, kwa sababu wapo wanawake warefu na wanaume wafupi wanaovuka mpaka. Ikiwa tofauti kubwa kama ya urefu haifiki asilimia 90, tofauti ya homoni ambayo watafiti wanabishana kama ipo haiwezi kufika 95. Ili mpaka mmoja upatie mara 95 katika 100, makundi mawili yanapaswa kuachana kiasi kwamba yanakaribia kutogusana. Kipimo cha homoni chenye sifa hiyo kingeonekana kwa macho kwenye mchoro wowote wa matokeo, na mtengenezaji angeuweka mchoro huo mbele ya kila kitu. Uombe. Usipopewa, umejibiwa.

Mfano mwingine uko ndani ya ujauzito wenyewe. Homoni ya hCG, ile inayopimwa kuthibitisha mimba, imeonekana kuwa juu kidogo kwa wastani katika damu ya mama waliobeba wasichana. Tofauti hii imethibitishwa vizuri kuliko ile ya testosteroni, na wala hakuna kliniki inayoitumia kutaja jinsia, kwa kuwa viwango vya makundi hayo mawili hupishana kwa sehemu kubwa mno.

Isome asilimia ya kwenye kasha kwa jicho la mhasibu

Asilimia yoyote ilinganishwe kwanza na ile ya kubahatisha. Duniani huzaliwa wavulana takriban 105 kwa kila wasichana 100, maana yake ni kwamba mtu anayejibu “mvulana” kila mara, bila mate wala maabara, atapatia zaidi kidogo ya asilimia 51. Kwa hiyo “usahihi wa asilimia 60” hauanzii sifuri. Umepanda ngazi 9 tu juu ya mtu anayerudia neno moja.

Kisha uliza usahihi wa kila jinsia peke yake. Yule anayejibu “mvulana” daima huwatambua wavulana wote, asilimia 100, na kuwakosa wasichana wote. Tangazo linalotaja kwamba kipimo “kiliwatambua wavulana 97 katika 100” na kunyamaza kuhusu wasichana halijasema lolote la kutegemewa.

Uliza pia ni watu wangapi waliopimwa. Kupatia 18 kati ya 20 kunasomeka kama asilimia 90, lakini kwa idadi ndogo hiyo usahihi wa kweli unaweza kuwa popote kati ya takriban 68 na 99. Kupatia 180 kati ya 200 kunabana nafasi hiyo hadi kati ya 85 na 94 hivi. Ushuhuda wa jirani aliyepima mara moja na kupatia hauna uzito wa namna hii, na ni vema kumwambia kwa upole, kwa kuwa yeye anasema kweli juu ya mtoto wake na bado hajasema kitu juu ya kipimo. Hata mkunga anayekumbuka kwamba utabiri 8 kati ya 10 ulikuwa sahihi hajaonyesha mengi: watu 100 wakibahatisha mimba 10 kila mmoja kwa kurusha sarafu, 5 au 6 kati yao watapatia 8 au zaidi.

Lililo gumu kuligundua ni watu waliotolewa kwenye hesabu. Fikiria wanawake 200 wamepima. Hamsini wanaambiwa kwamba sampuli haikutoa jibu. Kati ya 150 waliobaki, 60 hawarudi kueleza walijifungua mtoto gani, na aghalabu aliyekosewa huona hana haja ya kuandika. Wanabaki 90, na 72 wanasema kipimo kilipatia. Tangazo litasema asilimia 80, na hesabu ya tangazo haina kosa, ila watu wake wamechujwa. Kati ya wote 200 walionunua, waliothibitika kupata jibu sahihi ni 36 katika 100. Utafiti wa kuaminika hutaja idadi ya walioanza, waliokosa jibu na waliopotea, huandika utabiri na kuufunga kabla ya ultrasaundi ya wiki za kati, na jinsia ya kweli huthibitishwa na kumbukumbu za kuzaliwa badala ya kumbukumbu za mteja. Kama utafiti umefanywa na mtengenezaji peke yake na haukuchapishwa mahali ambapo wataalamu wengine wanaweza kuupinga, uhesabu kuwa tangazo.

Kuhusu ahadi ya kurudishiwa fedha, isikutulize. Muuzaji anayebahatisha hupatia karibu nusu ya mara, akawarudishia nusu nyingine na kubaki na fedha za waliofurahi, na kwa kawaida si wote walio na haki ya kurudishiwa wanaodai. Ahadi hiyo inalipa hata kama ndani ya kichupa hakuna kinachopimwa.

Linganisha na njia zenye msingi

Mwaka 1997 mtafiti Dennis Lo na wenzake walionyesha kwamba vipande vya DNA ya mtoto huelea katika plazma, yaani majimaji ya damu, ya mama, wakivitambua kwa alama za kromosomu Y. Tofauti na homoni, alama ya Y si suala la kiasi kidogo au kingi ambacho mama naye anacho. Mama kwa kawaida hana Y kabisa. Ndiyo sababu njia hii ilifanikiwa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2011, uliounganisha tafiti 57, ulikuta kwamba vipimo vya DNA katika damu viliwatambua wavulana kwa asilimia 95.4 na wasichana kwa asilimia 98.6, na kwamba vile vilivyofanywa kabla ya wiki ya 7, pamoja na vile vya mkojo, havikuaminika. Hospitalini kipimo cha namna hii kwa kawaida huchukuliwa kuanzia wiki ya 10.

Nacho kina mitego yake, na ni haki kuitaja. Jibu la “msichana” hutokana na kutoonekana kwa Y, kwa hiyo DNA ya mtoto ikiwa chache mno katika sampuli, mvulana anaweza kuitwa msichana. Pacha aliyekufa mapema tumboni anaweza kuacha alama yake damuni. Na damu inayochomwa nyumbani kwenye ncha ya kidole inaweza kuchafuliwa na DNA ya mwanamume aliyekigusa kifaa.

Ultrasaundi hutegemea wiki na mkono wa mpimaji. Katika wiki ya 11 makosa bado ni mengi; utafiti mmoja wa mwaka 1999 ulipata usahihi wa karibu asilimia 70 katika wiki hiyo, ukapanda hadi karibu 99 katika wiki ya 12 kwa wapimaji waliozoea kazi. Kati ya wiki ya 18 na ya 22, mtoto akikaa vizuri, jibu huwa la kutegemewa sana. Kuchukua sampuli ya kondo la nyuma au ya maji ya uzazi hutoa jibu la kromosomu zenyewe, lakini kuna hatari ndogo ya mimba kutoka, na hakufanywi kwa ajili ya udadisi.

Amua jibu litafanya kazi gani

Kama umefika hapa na bado unataka kutema mate kwenye kichupa kwa ajili ya furaha ya nyumbani, hakuna ubaya mkubwa, mradi fedha hiyo haikuhitajika kwa chakula, dawa au nauli ya kliniki. Suuza mdomo kwa maji na usubiri dakika kadhaa, usipige mswaki muda mfupi kabla, usitumie mate yenye damu, andika saa na wiki ya mimba, na andika pia utabiri wako mwenyewe kwenye karatasi nyingine ili baadaye uone nani alipatia.

Lakini yapo mambo ambayo jibu la mate lisiyaguse kamwe. Familia yenye ugonjwa unaorithiwa kupitia kromosomu X, kama hemofilia, ambayo damu haigandi vizuri, au ule wa Duchenne unaodhoofisha misuli, inaweza kuwa na sababu ya kitabibu ya kujua jinsia mapema, na inapaswa kwenda kwa daktari ikapate kipimo cha DNA pamoja na ushauri wa mtaalamu wa vinasaba. Vilevile, mahali ambapo mtoto wa jinsia moja anatamaniwa kuliko wa jinsia nyingine, jibu la kubahatisha linaweza kumfanya mwanamke asimangwe, atelekezwe au ashinikizwe kuitoa mimba. India ilipitisha mwaka 1994 sheria inayokataza kumfichulia mzazi jinsia ya kijusi kwa sababu ya mimba za wasichana zilizokuwa zikikatizwa. Kama unajua kwamba nyumbani kwako kuna mtu atakayekuumiza kwa jibu fulani, usipime, na usimruhusu mtu mwingine akupimishe. Mweleze mkunga wako faraghani.

Ikitokea mate yamesema hivi na ultrasaundi ya wiki ya 20 ikasema vile, amini ultrasaundi na usitafute maana nyingine. Hali hiyo ni tofauti na ile ambapo kipimo cha DNA cha damu na ultrasaundi vimepingana: hapo daktari aelezwe, kwa kuwa mgongano huo huweza kuwa na sababu ya kitabibu inayostahili kuchunguzwa. Na ikiwa karatasi ya majibu ya mate imetaja testosteroni “ya juu”, usiisome kama habari ya mvulana wala kama ugonjwa. Ukiona sauti yako inakuwa nzito au nywele zinaota kwa kasi usoni na kifuani wakati wa ujauzito, nenda kliniki ukapimwe damu, hata kama hujawahi kutema mate kwenye kichupa chochote.